Hesabuni Waumini Mwezi wa Februari

Hotuba kwa wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa wa Mtwara na Lindi, semina ya Masasi

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa masheikh wetu walioitikia mwaliko, assalamu alaykum.

Wachungaji, mapadri, wainjilisti, wazee, akina mama wa vikundi: mlituomba tuseme juu ya kazi ya mchungaji na kukua kwa kanisa. Tuanze na swali mnaloulizwa kila mkutano wa mwaka, "Mchungaji, una waumini wangapi?" Jibu karibu kila mara ni la Novemba. Novemba fedha za minada ya korosho zimeshaingia, benchi zimejaa, kwaya imeshona sare, na hata yule ambaye mwaka mzima alikuwa akipita barabarani ameingia kushukuru. Anayetaja idadi hiyo hasemi uongo. Amehesabu tu siku ya karamu.

Februari ndiyo hesabu. Njia za mashambani zina matope, vihenge vimebaki vumbi, kaya nzima imehamia dunguni, kile kibanda cha kulindia shamba, kufukuza nguruwe na ngedere, na mwenye viatu vya Jumapili ameviuza. Tuliyo nayo kuwaambia leo ni haya: huku kusini kanisa hukua au hupukutika kati ya Januari na Machi, na miezi tisa iliyobaki kazi kubwa ya mchungaji ni kuiandaa hiyo mitatu.

Kwa hiyo kalenda ya kwanza ya mchungaji ni ya shamba. Ya kanisa hupangwa juu yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Mei na Juni watu wanavuna mahindi na ufuta. Kuanzia Mei mpaka Agosti ni kupulizia mikorosho salfa. Mbaazi zinafuata, na Oktoba hadi Desemba ni korosho. Sasa tazameni ibada zetu. Wengi huanza saa moja asubuhi mwaka mzima, halafu Juni wanalalamika kwamba vijana wamepoa kiroho. Hawajapoa, wako na pampu mgongoni. Salfa ya unga hupuliziwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Ikifika saa tatu unga unapeperuka kwa jirani na fedha ya mkulima imekwenda na upepo. Isogezeni ibada hadi saa nne kwa miezi hiyo, muone. Januari hadi Machi geuzeni mpango wote: ibada ya kijijini iwe fupi, na mchana, saa tisa hivi, mchungaji au mwinjilisti awe huko kwenye madungu, kila Jumapili upande mmoja.

Huwezi kuwafuata watu dunguni kama hujui dungu liko wapi. Hapa ndipo daftari la waumini linapowaangusha wengi. Daftari la kawaida lina jina, tarehe ya ubatizo na namba ya simu, na simu yenyewe Februari haina chaji. Ongezeni mambo matatu: shamba la kaya liko upande gani na linapakana na la nani, mara ya mwisho kutembelewa ni lini, na jambo gani liliachwa bila kumalizwa, awe mgonjwa, mtoto aliyekatishwa shule au ugomvi wa mpaka. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Muumini anayesikia mchungaji akiuliza, "Yule mbuzi wa kesi alirudi?" anajua kuwa ameandikwa mahali.

Watu wahesabiwe mara tatu kwa mwaka, Jumapili ya pili ya Februari, ya Juni na ya Novemba. Wahesabu wawe wawili, mmoja mlangoni na mmoja ndani, watoto waandikwe peke yao, kwaya ya wageni iachwe. Kosa la kila mahali ni kukadiria kwa jicho kutoka madhabahuni, na jicho la mhubiri, ndugu zangu, lina huruma na mwenyewe. Tuseme Novemba mmepata 240 na Februari 90. Msiandike wastani. Andikeni zote mbili, kisha wale 150 watafutwe kwa majina. Baadhi wako dunguni na wanasali huko. Hao ni wenu. Baadhi wamekwenda Dar es Salaam kufanya vibarua. Na baadhi wameona haya ya kuja bila sadaka. Kundi hilo la tatu ndilo linalopotea kimya kimya.

Kuhusu kutembelea, tufanye hesabu ya vidole. Mchungaji anayetembelea kaya nne kwa siku, siku tatu kwa wiki, anafikia kaya 12. Usharika wa kaya 150 unamalizika kwa wiki 13, yaani robo mwaka. Zaidi ya kaya nne kwa siku mnagawa salamu tu. Chini ya hapo kuna kaya itakayokaa zaidi ya robo mwaka bila kukuona. Kaya zikizidi 150, tatizo si la miguu tena. Gaweni jumuiya ndogondogo za kaya 8 hadi 12, kila moja na kiongozi wake na msaidizi, na ikifika kaya 15 igawanywe kabla watu hawajaanza kukaa nyuma na kunyamaza. Migawanyo mingi huvunjika kwa sababu kiongozi bora anabaki na watu wazuri na jumuiya changa inapewa asiyejua kusoma daftari. Mpelekeni aliye bora kwenye ile changa. Atanuna kidogo, lakini atakwenda.

Jambo hili lina historia hapa hapa tulipokaa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waanglikana alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, wakakivamia. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji, misheni ikachomwa. Kanisa halikubaki kwa sababu ya majengo. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Zanzibar, alipelekwa Chitangali mwaka 1886 na kupewa upadri mwaka 1890. Alikuwa Myao akikaa na Wayao. Hakuhitaji mkalimani kujua msimu wa njaa unaanza lini.

Sasa fedha, maana bila hizo hata baiskeli ya mwinjilisti haina tairi. Mapato ya makanisa yetu huja kwa mafuriko: kidogo Juni na Julai kwa ufuta, nyingi Oktoba hadi Desemba kwa korosho, kisha ukame. Tuchukue mfano wa usharika wenye mapato ya shilingi 12,000,000 kwa mwaka, na 7,000,000 kati ya hizo zikaingia miezi mitatu ya korosho. Wazee wakiona milioni saba wananunua spika, wanapiga rangi, na Februari posho ya mwinjilisti inakopwa. Gaweni kwa 12: mwezi ni milioni moja. Kinachozidi milioni moja mwezi wa Novemba si cha Novemba. Kiwekwe kwenye akaunti ya pili ambayo watia saini ni watatu, wasiwe wa ukoo mmoja, na kutoa kwanza kuanze Januari.

Sikukuu ya mavuno nayo iwekwe kwa akili. Malipo ya mnada hupita kwenye akaunti ya mkulima baada ya mnunuzi kulipa na AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, kumaliza makaratasi, na yanaweza kuchelewa wiki kadhaa. Ukitangaza mavuno tarehe maalumu tangu Julai, huenda siku ikafika mkulima ana stakabadhi mkononi na hana shilingi. Subirini mnada wa pili au wa tatu wa chama chenu ulipwe, ndipo mtangaze, wiki mbili mbele. Wanaopokea sadaka ya korosho yenyewe wazianike juani siku mbili tatu, wachambue mbovu na takataka, waziweke kwenye magunia ya katani. Ukizifunga kwenye kiroba cha plastiki zinatoa jasho na kuota ukungu, na sadaka nzuri ya wajane inashuka daraja ghalani. Tena ziuzwe kwa jina la shamba la kanisa lililoandikishwa, au zipitie kwa mkulima mwenye usajili ambaye karatasi yake mmeisaini pamoja. Korosho ya kanisa isiyojulikana ni ya nani ina wenyewe wengi.

Tufike kwenye ghala la akiba ya chakula, ambalo ndilo kiini cha huduma kwa jamii huku kwetu. Kila mmoja hapa anaijua kangomba. Februari mtu ana njaa, anauza korosho ambayo mti wake haujatoa hata ua, kwa bei ya kutupa, nje ya mizani ya chama. Oktoba anavuna mali ya mwingine. Mwaka unaofuata Februari yake ni mbaya zaidi. Mahubiri dhidi ya kangomba yapo mengi. Anayeyasikia anaitikia amina na anarudi nyumbani kwenye sufuria tupu. Sheria inaikataza, na bado ipo, kwa kuwa njaa ipo. Na tuseme lisilopendeza: mahali pengine mnunuzi wa kangomba ni mzee wa kanisa, na anatoa sadaka nene. Mchungaji anayeipokea akijua, amekwisha kufunga mlango kwa kaya ishirini.

Ghala la akiba si kazi kubwa kama linavyosikika. Kaya ya watu watano hutumia kama kilo moja na nusu ya mahindi kwa siku. Kilo 60 zinaivusha siku 40, ambazo kwa wengi ndizo mbaya kabisa. Kaya 20 ni kilo 1,200, magunia 12 ya kilo 100. Nunueni 13, kwa sababu tutakayoieleza. Mnunue Juni au Julai, kwa ile akiba ya mwaka uliopita. Anayengoja Desemba ananunua kwa bei ya mwenye shida. Na msitegemee lori la kutoka Dar es Salaam. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu kule Somanga, kila aliyekuwa na gunia ndani alishukuru.

Mahindi yakaushwe kwanza. Hamna kipimo? Chukueni chupa kavu ya kioo, tieni mahindi kiasi cha theluthi na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikiseni dakika mbili, acheni dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji; yarudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Mahindi mabichi ndani ya mfuko hufanya ukungu, na ukungu huleta sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupika wala kwa kusali. Kisha tumieni mifuko ya kinga njaa, ile ya plastiki mbili ndani na mfuko wa nje. Jazeni, bonyezeni hewa itoke, sokoteni shingo, kunjeni, fungeni kila tabaka peke yake. Dumuzi aliye ndani anakosa hewa anakufa. Kinachoharibu ni tundu moja la panya, au msimamizi anayefungua kila wiki "kuangalia tu". Magunia yakae juu ya chaga, mkono mmoja kutoka ukutani, ili mtu apite nyuma na tochi.

Namna ya kukopesha nayo ina mtego. Vikundi vingi huandika kwamba mtu akichukua kilo 60 arudishe 63, tatu za upotevu. Inaonekana haki. Lakini ghala la kijiji cha Mtwara au Lindi linalohudumia Wakristo peke yao limeshaleta ugomvi, na jirani Mwislamu akiona zile kilo tatu ataziita riba, na masheikh wetu hapa wanatikisa kichwa kukubali. Basi arudishe kilo 60 kwa 60, mahindi mapya na makavu, kufikia mwisho wa Juni. Upotevu ubebwe na kanisa, ndiyo maana ya lile gunia la 13. Kamati iwe ya watu watano, angalau wawili wasio wa kanisa lenu, na mizani iwe ile ya kuning'iniza, si debe, maana debe lina mkono wa mpimaji. Asiyerudisha msimtangaze kanisani. Atembelewe na wawili. Mvua ikiwa imemnyima kweli, deni lisogee mwaka mmoja; akiwa ameuza, jina litoke kwenye orodha na lisirudi kwa upendeleo.

Wale wa uwanda wa Makonde, Newala, Tandahimba na kwingineko, watasema njaa tunaiweza, maji je? Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 15 ni mita za mraba 150. Kwa milimita 900 za mwaka, na moja ya tano ikipotea, unapata kama lita 108,000. Paa lipo tayari, kinachokosekana ni mifereji na tangi. Lakini muwe wakweli mnapoahidi. Tangi la lita 50,000 likigawanywa kwa siku 180 za kiangazi ni lita 277, ndoo 13 za lita 20 kwa siku. Hilo si bomba la kijiji. Amueni kabla ya uzinduzi kwamba ni la wazee, wajane na zahanati, muandike majina, kwa sababu baada ya wimbo wa shukrani kijiji chote kitapanga ndoo na tangi litakauka Agosti. Mfereji uteremke sentimita moja kwa kila mita. Mvua ya kwanza ya Desemba imwagwe, imebeba vumbi la miezi sita na kinyesi cha ndege. Tangi la saruji limwagiliwe na kufunikwa wiki nzima baada ya plasta; mengi yanayovuja yalikaushwa na jua letu siku ya pili.

Kwa majirani tusiseme mengi, mnajua. Msiba wa jirani Mwislamu mchungaji anakwenda, anakaa mkekani, anatoa rambirambi, hahubiri. Spika ya mkesha isielekee msikitini. Kabla ya kufungua kituo kipya kijijini, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wapewe taarifa kwa barua, na mwinjilisti akae miezi mitatu akitembelea nyumba kabla ya ibada ya kwanza. Tamasha la siku tatu lenye jukwaa na jenereta linaleta umati. Wiki ya nne kinachobaki ni mashimo ya nguzo.

Jando na unyago zinahitaji neno refu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo vijana wetu wanapotokea mlango wa nyuma. Kanisa linalokataza tu, linawapoteza: mtoto atakwenda porini kwa mjomba wake na akirudi ataona haya kuja kwa mchungaji. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi tangu ilipoanzishwa mwaka 1926, alishika njia nyingine, akaingiza jando ndani ya kanisa na kuacha yasiyopatana na imani. Mtu anaweza kubishana na namna alivyofanya. Tatizo alilolijibu bado lipo. Leo mchungaji akae na makungwi, wale walimu wa unyago, na wajomba mwezi wa Aprili, kabla fedha hazijaonekana. Wakubaliane kwamba itafanyika likizo na si siku za masomo. Tohara ifanywe na mhudumu wa afya, wembe usipite kwa wawili. Mafunzo ya binti wa miaka kumi yasiwe ya mke wa mtu. Wengi wa makungwi ni waumini wetu, wanakaa benchi ya tatu. Wanaposhirikishwa wanakuwa walinzi; wakifukuzwa, sherehe inahama kijiji na hamjui kilichofanyika.

Na mtoto akidhurika, mwiko kuyamaliza ofisini kwa mchungaji kwa soda na maombi. Linakwenda polisi, dawati la jinsia na watoto, au piga 116. Mkifundisha Shule ya Jumapili, watu wazima wawe wawili chumbani, mlango wazi.

Makaratasi tuyapite haraka. Kanisa lisajiliwe kwa Msajili wa Jumuiya, mali ishikwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, isiandikwe kwa jina la mchungaji. Kufungisha ndoa kunahitaji leseni yako wewe mfungishaji, na taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla. Bwana harusi mwenye haraka ana sababu, iulizeni. Kiwanja ndicho kinachotesa. Mzee mwema anatoa ekari moja kwa mdomo, kanisa linajengwa, mzee anafariki. Kwetu Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ardhi imefuata ukoo wa mama. Kwa hiyo mkiwa na saini za watoto wake peke yao, wapwa watatokea. Saini ya mjomba na ya wapwa wakubwa iwepo, mipaka ipandwe minazi au mikorosho mbele ya majirani, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu waridhie, na muhtasari mpewe nakala siku hiyo hiyo. Nakala ikilala kwa mtendaji atahamishwa nayo.

Neno la uhamisho. Makanisa mengi hubadilisha wachungaji Januari, kwa kuwa shule zinafunguliwa. Maana yake mgeni anafika mwezi ule ambao watu hawaonekani, hajui madungu, hajui nani anakula mara moja kwa siku. Tunawaomba wakuu wetu wahamishe Julai. Wasipoweza, makabidhiano yachukue siku tano, si mchana mmoja wa pilau. Daftari lisomwe kaya kwa kaya, wanaotoka na wanaoingia wakitembea pamoja kwa wale wenye jambo lisilomalizwa. Magunia yahesabiwe na kupimwa. Akaunti zibadilishwe watia saini benki kabla lori la mizigo halijaondoka. Na mke wa mchungaji anayeondoka amwonyeshe mwenzake kina mama watatu ambao hawaji kuomba hata wakiwa na shida, maana hao hawako kwenye daftari lolote.

Kabla ya maswali, tokeni nje kidogo, pale chini ya mwembe. Kuna chupa mbili za chumvi, moja ina mahindi makavu, moja ina yaliyovunwa wiki hii. Kila mmoja azitikise kwa mkono wake.